Nyama ya Kiboksi Ukweni

Ukiisoma hii una njaa, shauri yako.

Korogwe alikuwepo fundi baiskeli mmoja, Semkiwa, mdomo wake mrefu kuliko reli ya Tanga. Siku moja akiwa ukweni alionjeshwa nyama ya ng'ombe ya hoteli ya Wachina, ile ya vipande vyembamba vinavyong'aa kwa sosi ya soya, wanayokufungia kwenye kiboksi. Akalamba vidole, akasema, "Hii naipika mwenyewe. Tena bila kusimama jikoni."

Shemeji yake Mhina, kaka wa mkewe, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Shemeji, wewe hata chai inakuungulia."

"Mpwa wako kaniletea sufuria la umeme kutoka Dar. Unaweka nyama asubuhi, unafunika, linapika lenyewe polepole mpaka jioni."

"Haya. Ukishindwa, unavaa kanga ya dada yangu na unatunawisha mikono ukoo mzima. Na upikie hapa hapa, nikuone. Nikikuachia, utatuma bodaboda hotelini, halafu useme umepika."

Hebu fikiria: mwanamume na ndevu zake, kanga kiunoni, jagi mkononi, mama mkwe anamtazama. Ukweni kule Semkiwa hata kupiga chafya alikuwa anatoka nje. Akataka kukataa, lakini mdomo ulishatangulia.

"Nimekubali."

Jumapili asubuhi akafika na sufuria lake. Akakata nyama nyembamba, akatia tangawizi, kitunguu saumu, sukari kidogo na sosi ya soya nyeusi kama oili ya gereji. Akafunika, akawasha.

"Shemeji, usifunue. Ukifunua joto linatoka, haitaiva."

"Mimi nalinda tu," Mhina akasema, akavuta kiti karibu kabisa.

Semkiwa akajiondokea kwenda bandani kwake kutengeneza baiskeli, maana angebaki pale mkono ungemwasha.

Aliporudi jioni, harufu ilimpokea barabarani. Ukoo ulishajaa sebuleni kwenye mkeka, wali umepakuliwa, na mama mkwe, Bi Mwajabu, amekaa mbele kabisa. Semkiwa akafunua kwa mbwembwe.

Mchuzi. Mchuzi mtupu, na vipande vitatu vinaogelea kama vimepotea njia.

"Si nilisema?" Mhina akadakia. "Kapika mpaka nyama imeyeyuka. Leteni kanga."

Ikaletwa, ya maua mekundu. Semkiwa akaifunga kiunoni, masikio yanawaka moto, watu wanashika mbavu. Akachukua jagi na beseni. Aanze na nani? Na mshindi. Mhina akanyoosha mikono kama sultani.

Maji yakamiminika. Yalipofika kwenye beseni yalikuwa meusi. Mafuta yakaelea juu, na kipande cha tangawizi kikachomoka chini ya ukucha.

Bi Mwajabu akainamia beseni, akanusa.

"Mhina mwanangu, mbona unanawa mchuzi?"

Mhina akatazama dari. "Nilionja kimoja tu, mama. Nijue kama imeiva."

"Ilikuwa imeiva?"

"Sikuwa na hakika. Nikaongeza kingine."

"Hakika uliipata lini?"

"Ilipokaribia kwisha."

Hapo watu wakagaragara mkekani. Semkiwa akaifungua kanga taratibu, akamfunga shemeji yake kwa mkono wake mwenyewe, mafundo mawili. Mhina akawanawisha wote, mpaka kitoto kinachotambaa. Wali ukaliwa kwa mchuzi, na hakuna aliyelalamika. Vile vipande vitatu alivila Bi Mwajabu peke yake, bila kumkaribisha mtu.

Alipomaliza akamgeukia Semkiwa.

"Mkwe wangu, Jumapili ijayo uje tena na sufuria lako. Ila kulinda nitalinda mimi."

Funzo: Anayeiponda kazi yako kwa sauti kubwa kuliko wote, usigombane naye, mmiminie maji ya kunawa, maana huenda ndiye aliyeila yote.