Sharubati ya Bibi Lubaba

Inasimuliwa, na ukweli wote uko kwa Allah, kwamba katika mji mmoja wa milimani huko Khurasani aliishi tabibu mwanamke aitwaye Lubaba binti Harith, Allah amrehemu. Kila baridi ilipoingia mjini humo, kichomi nacho kiliingia. Mtoto alianza kwa kikohozi, kisha mbavu zikabonyea kwa kutafuta pumzi, na wengi hawakuiona wiki ya pili. Rabab, bintiye wa pekee, alikwenda hivyo hivyo akiwa na miaka mitatu, na mume wa Bibi Lubaba akamfuata mtoto mwaka uliofuata.

Bibi Lubaba akamwendea wali, mtawala wa jimbo, Hisham bin Dirar, akamwambia: "Sikuombi fungu la kutibu, waganga wapo. Nipe fungu la kutafuta kinachozuia, ili mtoto asifike kwa mganga." Wali akamkubalia, akamtengea fungu katika Baitulmali, ile hazina ya Waislamu wote.

Ndugu zangu, kazi ya kuzuia haina shukrani. Anayemtoa mtu kisimani husifiwa mji mzima. Anayekifunika kisima, nani humwona? Watu wakanong'ona kwamba mali ya umma inaliwa na mjane mwenye makaratasi. Yeye alipita nyumba hadi nyumba akiuliza nani amekohoa, nani amelala wapi, nani amezikwa. Na kwa kuchelea kubeba maradhi kutoka nyumba moja kwenda nyingine, wakati wa baridi hakula kwa watu wala hakumpakata mtoto wa mtu. Wakamwona nuksi. Wakaacha kumwalika arusini, na kina mama wakawaficha watoto akipita. Kwa miaka kumi na mmoja alifuturu kwa tende zake mwenyewe, mlango ameuacha wazi, huenda akapita mtu. Hakupita mtu.

Mwaka wa kumi na mbili akatengeneza sharubati ya asali na habasoda. Akaipeleka Mtaa wa Wafuma Sufi, nyumba thelathini, kila nyumba mtungi mdogo uliozibwa kwa nta. Akawaambia kina mama: "Mtoto mzima apewe kijiko kila asubuhi. Na muiheshimu, maana imetoka Baitulmali." Kisha kila Ijumaa akapita mlangoni na kuuliza, "Watoto wazima?" Nao wakajibu, "Alhamdulillahi, wazima."

Baridi ile mitaa mingine ilizika watoto wengi. Mtaa wa Wafuma Sufi haukuzika hata mmoja.

Hapo mambo yakageuka. Baridi ilipokwisha, wanawake wa mtaa ule wakaja kwake na mikate ya moto, wakaketi, wakacheka. Mmoja wao, Safura, mke wa mfuma sufi, akawa anamwita "dada yangu", na mwanawe mdogo akamlalia mapajani. Bibi Lubaba alikaa bila kutikisika mpaka miguu ikafa ganzi, asije akamwamsha. Naye wali akatangaza kwamba Ijumaa ijayo, mbele ya watu wote, ataamuru sharubati ile ipelekwe katika miji yote ya jimbo.

Siku mbili kabla ya Ijumaa hiyo, Bibi Lubaba alikuwa kwa Safura akimsaidia kupanga vyombo. Kwenye rafu ya juu akauona mtungi wake. Nta ilikuwa haijaguswa.

"Safura, dada yangu, hii nini?"

Safura akainamisha kichwa. "Bibi, ulisema ni mali ya Baitulmali. Sisi tumefundishwa kwamba mali hiyo ni haki ya mwenye dhiki. Mwanangu alikuwa mzima. Ningemnywesha vipi haki ya mgonjwa? Tukasema tuitunze, akiugua mtu ipo."

"Tukasema? Ninyi nani?"

"Sote, Bibi. Nyumba zote thelathini. Hukutuuliza kama wamekunywa. Uliuliza kama ni wazima."

Bibi Lubaba akaketi chini. Ucha Mungu wa wanawake wale ulikuwa wa kweli, na kosa lilikuwa la ulimi wake mwenyewe. Safura akamshika mkono, akasema kwa sauti ya chini: "Nyamaza, dada. Asali haimdhuru mtu. Ukisema, watakunyang'anya fungu, na sisi watatucheka. Ukinyamaza, utabaki nasi."

Nawaambieni, hakutiwa mtihanini kwa mali. Alitiwa mtihanini kwa neno "nasi". Alikwenda nyumbani akaswali rakaa mbili, akalia sana. Alimkumbuka Rabab. Akawaza: miji mingine ikiiamini sharubati hii, mama atampa mwanawe kijiko na kulala akiwa na amani, na hakuna atakayeendelea kutafuta. Asubuhi kitapatikana kitanda chenye mtoto aliyekwisha kufa.

Ijumaa ikafika. Kabla wali hajafungua kinywa, Bibi Lubaba akasimama.

"Ewe Wali, sharubati yangu haikunywewa na mtoto hata mmoja. Niliwatatiza kina mama kwa maneno yangu, nao wakaitunza kwa kumwogopa Allah. Lawama ni yangu."

Mtunza hazina akaruka. "Basi ni nini kilichowaokoa watoto wale?"

"Sijui."

"Miaka kumi na miwili ya mali ya Waislamu, na jibu lako ni sijui?"

"Ndiyo. Ila sababu ipo katika mtaa ule, na Allah aliyeiweka hakuiweka bure. Mkiniruhusu nitaitafuta. Msiponiruhusu, mpeni mwingine aitafute, lakini msiwape watu hii."

Watu wakazomea. Wali Hisham akasema: "Wanaojua wamejaa baraza langu. Anayepoteza heshima yake ili watoto wa miji asiyoifahamu wasidanganyike, huyo sijampata mwingine. Fungu lake libaki."

Fungu likabaki. Lakini Mtaa wa Wafuma Sufi ukachekwa sokoni, wanawake wale wakaambiwa hawajui hata kunywesha dawa, nao wakaona amewaaibisha. Mikate ikakoma. Baridi iliyofuata alipopita kuuliza nani amekohoa, Safura alimjibu akiwa nyuma ya mlango, wala hakumwita dada. Bibi Lubaba aliandika jibu, akashukuru, akaenda nyumba ya pili.

Alifanya hivyo miaka tisa zaidi, akafariki bila kuijua sababu. Tabibu aliyemrithi alizikuta karatasi zake, na pale palipotakiwa kuandikwa kilichowakinga watoto, alikuta neno "Sijui" kwa wino mzito. Hakupoteza hata siku moja kwa sharubati. Akaanzia pale pale alipoishia Bibi.

Enyi waumini, atuleteaye dawa tunamwombea mpaka wajukuu zake. Aliyetwambia dawa si hii, akarudi kufuturu peke yake, nani kamkumbuka? Mwombeeni leo Lubaba binti Harith. Yeye hakuacha mjukuu wa kumwombea.