Jini Aliyefuta Pacha

Paukwa! Mbona mnaitikia kama mmelazwa? Paukwa tena! Haya.

Palikuwa na mpiga picha, Kurwa, asiyetulia kitini. Ndani ya kompyuta yake aliishi jini. Akifuta kitu mle, duniani nacho hutoweka, ndiyo maana kila kazi aliuliza kwanza.

Kurwa akamwambia apange picha. "Bibi, nifanye?" "Fanya!"

Akamwambia azipunguze uzito. "Bibi, nifanye?" "Fanya, king'ang'anizi we!"

Akamwambia afute zilizorudiwa. "Bibi, nifanye?" "Fanya yote, usiniulize tena!"

Uani ndoo ikaanguka puu! Kurwa akatoka mbio. Maji yamemwagika, na Doto, pacha wake aliyekuwa akifua, hayupo.

"Jini! Dada yangu yuko wapi?"

"Sura ileile mara mbili. Kurwa wa kwanza, Doto wa pili. Nimefuta ya pili."

"Mrudishe!"

"Akirudi atakuwa amerudiwa, nitamfuta tena. Amri yako haitanguki."

Kurwa akazunguka chumba, akazunguka ua, akarudi. Akachukua wembe, akajichanja shavu zima, akajipiga picha damu ikichuruzika.

"Tazama. Tunafanana?"

Jini akatazama, akatazama, akatazama. "Hapana, bibi."

"Basi hakuna kilichorudiwa. Mrudishe!"

Mara Doto huyo mlangoni, amefura. "Nani kamwaga maji yangu? He! Na wewe uso umeufanyaje? Yaani nisikuache dakika moja!"

Ngano yangu imetua. Mbishi aende akawaone: siku hizi hata mama yao hawachanganyi.