Kunde za Mzee Likwata

Hapo zamani, na sisemi zamani ile ya sungura na fisi, nasema zamani ya vita, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Mchingoni. Malori ya unga yalikuwa yameacha kuja, na mashamba ya ng'ambo ya mto yalikuwa mikononi mwa wanajeshi. Mji huo ulikuwa na soko lisilo na bidhaa, shule isiyo na walimu, na uwanja wa mpira uliokuwa na kila kitu: nyasi, kisima, lango, kufuli, na Mzee Likwata.

Mzee Likwata alikuwa mtunza uwanja. Kwa miaka ishirini na sita alizikata nyasi zile, akazimwagilia, akachora mistari ya chokaa, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kupiga mpira humo hata mara moja. Sheria hiyo alijiwekea mwenyewe. Kazi yake, alisema, ilikuwa kuwaandalia wengine. Lakini niwaambieni ukweli: kila mechi ikiisha na watu wakienda zao, mguu wake wa kulia ulimwasha.

Vita vilipoingia mwezi wa nne, watu walikuwa wameanza kuchemsha majani. Ndipo Bi Somoe, muuza maandazi ambaye hakuwa tena na unga, akafika langoni na beseni kichwani.

"Hodi, Mzee Likwata."

"Karibu, ila usiingie."

"Baba, mji mzima hauna ardhi ya kulima isipokuwa hii yako. Nifungulie nipande kunde."

Sasa, huyu Somoe alipokuwa msichana, Mzee alimtoa uwanjani kwa fimbo, si mara moja wala mbili. Alikuwa akipenda mpira kuliko kaka zake, na Mzee hakutaka mwanamke akanyage nyasi zake. Mzee alilikumbuka jambo hilo. Somoe naye alilikumbuka, ila siku ile hakulitaja.

"Kunde za nani hizo?" Mzee akauliza.

"Zangu, na ndizo za mwisho. Nikizipika, wanangu watakula siku nne. Nikizipanda, tutakula sote."

"Na wanao wanasemaje?"

"Wamenuna."

Mzee akageuka kuzitazama nyasi zake, akalia, wala hakujificha. Kisha akakata ukanda mmoja wa nyasi pamoja na udongo wake, akauweka ndani ya karai bovu, akaupeleka nyumbani kwake. Aliporudi alifungua kufuli, akatembea mpaka katikati ya uwanja, akapiga jembe la kwanza kwa mikono yake mwenyewe. Hakutaka mtu mwingine aje kusemwa kwamba ndiye aliyeziua.

Mji mzima ukaingia kulima. Na mji mzima ukaanza kugombana. Kila mtu alitaka pembeni kwenye vibendera, maana huko udongo ulikuwa laini. Hakuna aliyetaka golini, ambako makipa wamekanyaga mpaka pamekuwa pagumu kama sakafu. Wiki haikuisha, majirani wawili walizabana vibao kwa sababu ya tuta moja.

Hapo akatokea Refa Mbawala. Mtu huyu alikuwa amechezesha mechi Mchingoni kwa miaka thelathini, na kwa miaka thelathini alikuwa ametukanwa na kila mtu, mama mkwe wake akiwemo. Alikuja na filimbi shingoni na kadi zake mfukoni. Akamwomba Mzee Likwata aichore upya mistari, kwa majivu kwa kuwa chokaa ilikwisha, kisha akapigisha kura: huyu ndani ya boksi la kumi na nane, huyu duara la kati, huyu pembeni, huyu golini.

"Magugu, kadi ya njano," akatangaza. "Mbuzi akiingia kwa uzembe wako, kadi nyekundu. Wiki nzima utamwagilia za wenzako."

"Refa," akalalamika bibi mmoja, "kunde za jirani zimetambaa mpaka kwangu."

Refa akaenda, akachuchumaa, akaukagua mstari. "Zimeotea," akasema. "Zirudishwe."

Watu wakacheka. Walikuwa hawajacheka tangu vita vianze, na siku ile walicheka mpaka wakaweka majembe chini. Tangu hapo kila mtu akamtii Refa, hata waliokula kadi.

Kunde zilipokauka zikawa tayari kuvunwa, wakaja wanajeshi ishirini na magunia matupu, wakiongozwa na sajenti kijana. Mzee Likwata alisimama na jembe lake. Refa Mbawala akawaendea, akapuliza filimbi.

"Mmeingia uwanjani bila ruhusa ya mwamuzi. Nyuma ya mstari."

Akainua kadi nyekundu mbele ya mtu mwenye bunduki. Sajenti akaikazia macho kadi ile.

"Umenikumbusha mbali, refa," sajenti akasema. "Nilishawahi kupewa moja, na sikustahili."

"Wote husema hivyo."

Sajenti akaangua kicheko, na askari wake wakacheka. Wakarudi nyuma ya mstari. Wakapewa magunia mawili langoni, wakashukuru, wakaenda zao. Mchingoni wakala kunde mpaka vita vikaisha, na hakuzikwa mtu kwa njaa.

Amani iliporudi, Mzee alitoa karai lake. Nyasi alizokuwa akizinywesha maji ya kunawia zilikuwa hai. Watu wakazipanda shina kwa shina, mvua ikanyesha, na uwanja ukavaa kijani chake.

Basi, Mchingoni walikuwa na desturi. Msimu ukifunguliwa, mtu mmoja hupiga penati goli likiwa tupu, na msimu ule huitwa kwa jina lake. Mara hii wazee waliongeza neno. Aliyeuokoa mji na njaa ndiye apige, na uwanja wenyewe uitwe kwa jina lake, leo na siku zote.

Siku ikafika, ngoma zikalia. Mzee Likwata alikuwa ameushika mpira.

Somoe akasema, "Mimi niliitoa mbegu midomoni mwa wanangu. Bila mbegu, hapa mngelima vumbi. Na humu nilifukuzwa kwa fimbo kwa kutaka kupiga mpira mmoja tu."

Refa akasema, "Bila mimi mngeuana kunde hazijatoa hata ua. Na ambazo zingebaki, wanajeshi wangezibeba. Miaka thelathini nimekimbia humu nikiukwepa mpira usinigonge. Kelele zangu zote ni za kuzomewa. Leo nataka vigelegele."

Mzee Likwata akasema, "Mbegu zingepandwa wapi? Filimbi ingepulizwa wapi? Niliua kitu nilichokipenda kuliko vyote, kisha nikakifufua. Na mguu huu..." Akaupapasa mguu wa kulia.

Watu wakagawanyika. Wanawake wakalitaja jina la Somoe, wachezaji wakalitaja la Mzee, na waliowahi kupewa kadi, ajabu, wakalitaja la Refa. Kelele zikapanda mpaka mwenyekiti wa mji akainua mkono.

"Mpira unao wewe, Mzee Likwata," akasema. "Amua wewe, nasi tutakubali."

Mzee akauweka mpira kwenye alama ya penati. Somoe alikuwa ameshavua ndala. Refa alikuwa ameivua filimbi shingoni, anatafuta wa kumshikia. Mzee akamtazama huyu, akamtazama yule, na mguu wake ukamwasha. Kwa furaha akaanza kucheka peke yake kama mwendawazimu. Wale wawili wakacheka naye, na uwanja mzima ukacheka.

Goli li wazi, wapiga ngoma wameinua mikono. Msiniambie wapige wote watatu, maana mpira wa kwanza ni mmoja na jina la uwanja ni moja. Mzee Likwata amewageukia ninyi mliokaa hapa, anangoja neno lenu: je, nani apige?