Boriti za Nyumba ya Meneja

Kaeni, wapendwa. Kwaya, ahsanteni, mmetuamsha. Leo sitawachosha kwa mahubiri marefu. Nina habari ya nyumba moja, halafu nina jambo langu na ninyi.

Kulikuwa na kijiji kimoja huko milimani kwenye baridi, ambako zamani kulikuwa na kiwanda cha kupasua mbao. Kiwanda kikafa, mashine zikauzwa chuma chakavu, ikabaki nyumba ya meneja. Nyumba nzima ya mbao, na kila ubao wake ulipasuliwa na mababu wa kijiji kile. Imekuwa zahanati, imekuwa chekechea, na mwisho akabaki humo bibi mmoja, mjane wa aliyekuwa mlinzi wa kiwanda. Aliifagia kila asubuhi, na watoto wa shule wakija aliwatembeza: hapa meneja alikuwa analala, na ubao huu, wewe mjukuu wa fulani, alipasua babu yako.

Basi siku moja kamati ya kijiji ikaja kukagua. Mwenyekiti akashika ubao wa nje, ukamegeka mkononi kama mkate mkavu. Mbao zimekuwa nyeusi, zimepinda, zina matundu. Wakatazamana, kisha wakachora X nyekundu mlangoni. X mnaijua ninyi, haina mjadala. Bibi akaambiwa, Ijumaa tunabomoa, utatafutiwa chumba.

"Mwanangu," bibi akamwambia mwenyekiti, "nimezeekea humu. Hicho chumba cha kutafutiwa nitaishi siku ngapi?"

"Bibi, ikikuangukia, Mungu nitamwambia nini?"

Hakuwa mtu mbaya yule mwenyekiti. Aliogopa kweli. Msimcheke, mtakuja kujiona.

Bibi hakula siku mbili. Alifunga vyombo vyake kwenye shuka, akavifungua, akavifunga tena. Ndipo akamkumbuka mzee mmoja aliyekuwa fundi wa msumeno mkubwa kule kiwandani. Tatizo ni kwamba mzee alikuwa kiziwi. Mlio wa msumeno ulimla masikio yote mawili. Kijiji kilishazoea kumpita. Hata mikutanoni hakuitwa, kwani atasikia nini? Bibi akaenda, akamshika mkono, akamvuta mpaka kwake, akamwonyesha ule mlango. Mzee akautazama, akatikisa kichwa, akavua koti.

Ijumaa kamati inafika na nyundo na mitaimbo, inamkuta mzee amepiga magoti chini ya sakafu, amebana taya lake kwenye ncha ya boriti kuu. Bibi yuko ncha ya pili, anagonga kwa mpini wa mwiko. Akigonga, mzee anainua kidole. Anagonga tena, kidole. Akagonga polepole mno, hata wale wenye masikio mazima hawakusikia kitu. Kidole kikainuka.

"Haya makubwa, kiziwi anasikiliza mbao," mmoja akasema, wakacheka.

Mwenyekiti hakucheka. Akainama, akamuuliza kwa mikono, unafanya nini? Mzee akajibu kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu wasiojisikia: "Kiwandani ndivyo tulivyopima gogo. Lililooza linameza mlio. Boriti hii inanigonga mpaka kwenye meno. Nzima hii. Toa ubao mmoja wa nje uone."

Wakang'oa mmoja. Nyuma yake boriti ilikuwa kavu, ngumu, msumari hauingii. Ilikuwa ya mkulo, ule mti wenye harufu kali kama dawa ya kifua, na walipoikwangua kidogo harufu ikatoka kana kwamba mti umekatwa wiki ile. Wakang'oa ubao wa pili, wa tatu, ni vilevile. Kilichooza ni mbao nyembamba za nje, zilizopigiliwa kukinga mvua. Wakapima boriti zote, hadi adhuhuri, na mzee kidole juu kila mara.

Bibi akakaa palepale kwenye ngazi, akalia, akacheka, akalia tena. Mwenyekiti akakaa pembeni yake.

"Bibi, nilikuwa nakuua," akasema.

"Hujaua, mwanangu. Ngoja nikuletee chai."

Naona mnatabasamu. Hata mimi kila nikiikumbuka ile chai roho yangu inatulia. Lakini hebu niwaulize: wa kwanza kuandikiwa X kijijini pale ni nani? Ni nyumba? Au ni mzee, aliyehukumiwa miaka mingi kabla kwa sababu ya masikio, na kumbe yeye peke yake ndiye aliyejua kusikiliza?

Sasa jambo langu. Wiki mbili zilizopita wazee wa usharika huu walikaa kikao, mimi nikiongoza, tukakata jina la ndugu mmoja kwenye kitabu cha washarika. Tulisema amepoa. Kwenye jumuiya hafiki, na ibadani akija anasinzia tangu wimbo wa kwanza. Tulitumia dakika kumi. Hatukumwita, wala hakuna aliyekwenda kugonga kwake. Nikatia saini, nikaenda kula.

Msigeuke kumtafuta, hayupo. Mtazameni huyu aliyetia saini. Kama Bwana angetupima sisi kwa ubao wa nje, nani angekuwa amesimama mpaka leo?

Jana asubuhi nilishindwa kuandika mahubiri, nikaenda kwake. Nikamkuta anamnywesha uji mkewe. Amepooza yule mama, miezi saba sasa, na mumewe anamgeuza kitandani usiku kucha ili asipate vidonda. Sisi ni majirani zake, na hatukujua. Aliponiona akauliza, "Mchungaji, umeniletea barua ya kufutwa?" Nikamwambia hapana, nimekuja kukuomba radhi. Akafuta kiti kwa kiganja, akanipa.

Jina limerudi kitabuni, wapendwa, Mungu ashukuriwe, tulikuwa hatujabomoa. Leo alasiri nakwenda tena kukaa na mgonjwa, yule ndugu apate kulala. Kiti pale ni kimoja. Mnaokuja, bebeni vyenu.