Boya la Mama Pimbi

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa nini?
— Pakawa na boya, na kamba yake, na mwenyewe!

Basi mwenyewe alikuwa Pimbi, yule asiye na mkia, na boya aliachiwa na marehemu mama yake. Enzi za mama, ghubani palikuwa na adabu: ukikuta boya tupu ulifunga mashua, ukiondoka ulishukuru. Siku tamu zile! Kila Pimbi alipofunga hapo alimsikia mama: "Upepo usoni, mwanangu. Shusha tanga. Polepole." Akalia kidogo, kisha akapika uji.

Maboya yalikuwa saba. Sita alikwisha kuyachukua Nyati, na mashua anayo moja!

"We Pimbi, na hilo langu."

"Nitalala wapi, mzee wangu? Huko nje mawimbi yatanimeza."

"Basi tushindane. Atakayelikamata bila kulowa, lake."

Pimbi hajui kuogelea. Akamkumbuka mama, akatabasamu.

"Tangulia, mkubwa. Ila nakwambia kweli: njoo upepo ukiwa usoni, shusha tanga mapema, kamba uinase kwa upondo, ule mti wako mrefu. Usitie mkono!"

Nyati akacheka ho! ho! ho! "Kajanja haka! Kanataka nishindwe." Akauweka upepo mgongoni, upondo akautupa.

"Polepole, mzee!" Nyati akazidisha.

"Shusha tanga, mzee!" Nyati akalikaza.

"Usitie mkono, mzee!" Nyati akatia yote miwili.

Boya likabaki pale pale. Mashua ikaenda, vuuu! Nyati katikati akanyooka kama kamba ya kuanikia nguo, kisha chubwi! Mashua ikaenda peke yake mpaka mwambani, kwacha! Mwenyewe akajikokota juu ya jiwe lililo karibu, maji yakimchuruzika.

Zamu ya Pimbi. Akazunguka, upepo ukamjia usoni. Akashusha tanga. Mashua ikapunguza, ikapunguza, ikasimama kando ya boya. Akanyoosha upondo, akanasa kamba, akafunga. Hata unyoya mmoja haukulowa.

"Umelowa!" akanguruma Nyati. "Mashavu hayo yana maji!"

"Hayo si ya bahari, mzee wangu," akasema Pimbi, akijifuta. "Hayo ni ya mama."

Hadithi inatufundisha nini, wanangu? Msiseme uongo hata siku moja, maana ukweli hudanganya vizuri zaidi. Nami hadithi yangu nimeifunga kambani. Anayeitaka aijie polepole, upepo usoni.