Mama Ndovu na Halmashauri ya Matete

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma sijawasikia. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya, sasa mko macho, wakubwa kwa wadogo. Sogeeni. Nitawapa ya wanyama.

Kale hiyo, kale ya wanyama kusemezana, palikuwa na nchi pana. Pana kweli. Ukisimama mwanzo huoni mwisho. Na nchi yote hiyo ilikuwa na baraza moja tu, nalo lilikaa Kilimani. Mwenyekiti wake alikuwa Mama Ndovu. Msimamizi wa maji alikuwa Bwana Kiboko.

Sheria kubwa ya baraza kila mnyama aliijua tangu akinyonya: Asichimbe mtu maji bila ruhusa. Atakayechimba atahamishwa nchi.

Msiseme sheria mbaya! Ilipotungwa, wanyama walikuwa wakiuana kwa ajili ya visima. Huyu anachimba hapa, yule anafukia. Nyati kwa pembe, nguruwe kwa meno. Matope kila mahali, maji hakuna. Mama Ndovu akawaketisha, akatunga sheria, vita vikaisha. Walimpenda kwa hilo.

Lakini wanyama wakazaana. Wakazaana, wakazaana, nchi ikajaa. Baraza likabaki lile lile moja, kule kule Kilimani.

Sasa, mbali na Kilimani palikuwa na bonde, jina lake Matete. Humo alikaa Mama Ngiri na wanawe. Jirani yake alikuwa Muhanga. Mnamjua Muhanga? Masikio ya punda, pua ya nguruwe, chakula chake mchwa. Na kuchimba! Kwa kuchimba hana mwenzake.

Mwaka mmoja mvua ilinyesha kwa hasira. Ukingo ukaporomoka, pwaa! Udongo ukafukia chemchemi ya Matete. Mvua ilipokuwepo hakuna aliyejali. Ikaja kiangazi. Madimbwi yakanywea. Yakawa matope. Matope yakawa mavumbi.

Mama Ngiri akamwendea jirani yake.

"Muhanga, ndugu yangu, utaweza kuizibua?"

"Asubuhi moja tu, Mama Ngiri. Kucha ninazo. Ruhusa ndiyo sina."

"Basi nitaifuata Kilimani. Nishikie watoto."

"Nenda. Nitawatazama kama wangu."

Mama Ngiri akasimamisha mkia wake juu, akashika njia. Tuku-tuku-tuku. Huku anaimba, nanyi mtamwitikia:

Kilima ki wapi?
— Mbali!
Na kiu i wapi?
— Nyumbani!

Akaenda. Jua likatua, likachomoza. Akaenda. Kwato zikachanika. Tuku-tuku-tuku. Jua likatua tena, likachomoza tena. Kilima ki wapi?

— Mbali!

Mbali, wanangu. Mwisho akafika. Akakuta wanyama wamejaa kilima kizima. Swala wanagombania njia. Nyumbu wanataka malisho. Twiga na tembo vijana wanashitakiana kwa tawi moja la mgunga. Wote wanasubiri baraza moja. Na Mama Ndovu katikati, macho mekundu kwa uchovu, anasikiliza mmoja mmoja, hamfukuzi mtu.

Mama Ngiri akangoja. Akangoja hata akasahau njaa. Zamu yake ikafika. Akaeleza.

Mama Ndovu akainamisha kichwa. "Pole, mwanangu. Hilo Bonde la Matete liko wapi?"

Mama Ngiri akaonyesha upande alikotoka, akawatazama wajumbe. Wajumbe wakatazamana wao kwa wao. Hakuna aliyelijua.

"Siwezi kutoa ruhusa kwa mahali nisipopajua," akasema Mama Ndovu. "Tai ataruka akapaone, aniletee habari. Nawe rudi kwa wanao."

Tai akaruka, puruu! Mama Ngiri akageuka, tuku-tuku-tuku, sasa anachechemea.

Tumwache njiani. Turudi Matete.

Kule Matete, Muhanga alikuwa amekaa na watoto. Aliwatafunisha mizizi iliyobaki na unyevu. Mizizi ikaisha. Kitinda mimba wa Mama Ngiri, ambaye hata jino halijamtoka, akawa analia. "Maji, mjomba. Maji." Akalia asubuhi. Akalia mchana. Muhanga anatazama njia. Njia nyeupe, haina mtu.

Kisha mtoto akanyamaza.

Muhanga akamgusa kwa pua. Ulimi mkavu. Macho yako wazi lakini hayatazami. Muhanga akaitazama njia mara nyingine. Akayatazama makucha yake. Akasema, "Liwalo na liwe."

Kwaru! Kwaru! Kwaru! Udongo unaruka. Kwaru! Kwaru! Makucha yanavuja damu. Hata udongo ukalainika. Ukalowa. Chini huko kukasikika, bubu-bubu-bubu... chwiii! Maji! Akajaza kinywa chake, akamtilia mtoto mdomoni. Tone. Tone. Mtoto akakohoa. Mtoto akalia.

Enhe, pigeni vigelegele, ni haki yenu.

Lakini juu ya mti Tai alikuwa ametua. Aliona maji, akamwona Muhanga amejaa matope hadi masikioni. Tai hakuwa na ubaya. Alitumwa kuona, na alichoona ndicho alichokisema. Akarudi Kilimani akasema, "Bonde nimeliona. Lina chemchemi. Muhanga ameshaichimba."

Mama Ngiri alipofika kwake alikuta wanawe wanachezea maji. Akaanguka magoti, akalia kwa furaha, akamwosha Muhanga matope kwa ulimi wake. Kabla machozi hayajakauka, ikaja amri ya baraza: Muhanga aletwe Kilimani.

Basi Matete nzima ikashika njia kumsindikiza. Kuro, nungunungu, kanga na vifaranga vyao, nguchiro. Kilima ki wapi?

— Mbali!

Walipofika, Mama Ndovu akauliza, "Muhanga, ulichimba?"

"Nilichimba, Mama. Sikusingiziwa."

"Sheria uliijua?"

"Niliijua."

"Sasa mbona ukachimba?"

Muhanga akainama. "Mtoto aliacha kulia, Mama. Alipokuwa analia niliweza kungoja. Aliponyamaza, sikuweza."

Bwana Kiboko akasimama. "Hata mimi inaniuma. Lakini tukimwachia huyu, kesho kila mwenye kucha atachimba. Turudi kwenye vile vita? Mmesahau?"

Mama Ndovu alikuwa hajasahau. Akamtazama Muhanga, akaitazama sheria yake, na moyo wake ukawa mzito kuliko mwili wake.

Hapo Mama Ngiri akajitokeza.

"Mama, naomba kusema. Nilipokuja hapa ulinisikiliza. Uliniita mwanangu. Sina kinyongo nawe. Lakini uliponiuliza Matete iko wapi, hakuna hata mmoja aliyeijua. Wema wako tunaujua, Mama. Ila mpaka utufikie, mtoto ameshanyamaza."

Wajumbe wakaguna. Nani husema hivyo mbele ya Mama Ndovu?

Mama Ndovu hakukasirika. Akasimama pole pole. Akasema, "Nipelekeni Matete. Na baraza zima litembee."

Ndi! Ndi! Ndi! Mama Ndovu mbele. Baraza nyuma. Jua likatua, likachomoza. Miguu ya Mama Ndovu ikavimba, hakusema. Bwana Kiboko ngozi ilimpasuka kwa jua, yeye akasema. Alilalamika njia nzima. "Tumefika?" Bado. "Na sasa?" Bado. Jua likatua tena, likachomoza tena. Bwana Kiboko akaacha kulalamika. Hakuwa na mate ya kulalamikia.

Walipoingia bondeni, Bwana Kiboko hakungoja salamu. Alijitupa kwenye chemchemi ya Muhanga, puchuu! Akanywa yale yale maji ya kosa. Akanywa, akanywa. Alipoinua kichwa akamkuta Muhanga anamtazama.

"Ni matamu," akasema Bwana Kiboko, kwa sauti ndogo.

Mama Ndovu akakusanya wote, wa Kilimani na wa Matete, akasema:

"Wanangu, nimeitembea nchi niliyodhani ninaiongoza. Leo natunga sheria mpya. Nchi itagawanywa wilaya. Kila wilaya iwe na halmashauri yake. Wanaokunywa maji pamoja wakae wilaya moja, wachague madiwani wao wenyewe, watoe ruhusa wao wenyewe. Kilimani tutabaki na yale yanayotuhusu wote."

Bwana Kiboko akakuna kichwa. "Mama, chungu kikivunjwa vipande hakipiki tena."

"Sivunji chungu, Kiboko. Napakua uji. Uji ukikaa chunguni, aliye karibu hushiba na aliye mbali huishia kunusa. Wanaosema ndiyo?"

"Ndiyooo!"

"Wanaosema siyo?"

Kimya. Na katika ile ndiyo, sauti iliyovuma kuliko zote ilikuwa ya Bwana Kiboko.

Matete wakachagua madiwani wao siku ile ile: kuro, nungunungu, kanga, na Mama Ngiri wakamfanya mwenyekiti. Wakarukaruka. Wakaimba. Kisha wakakumbuka.

"Mama Ndovu, na kesi ya Muhanga?"

"Si yangu tena," akasema Mama Ndovu. "Ni ya Halmashauri ya Matete. Mimi nasikiliza tu."

Loo! Nyimbo zikakatika. Wote wakamgeukia Mama Ngiri. Yeye, ambaye mwanawe yu hai kwa sababu ya Muhanga, ndiye wa kumhukumu Muhanga. Akakaa na madiwani wenzake, wakanong'onezana. Akasimama.

"Ndugu yangu, ningetaka nikukumbatie niishie hapo. Lakini sheria uliivunja, na wewe mwenyewe umekiri. Tukianza halmashauri yetu kwa kufumba macho, hatutayafumbua tena. Hukumu yetu ni hii: nchi huhami. Kule juu majabalini, pimbi nao chemchemi yao imefukiwa. Wameomba ruhusa sasa hivi, na sasa hivi tumewapa. Utakwenda kuwachimbia, bila ujira."

Muhanga akapepesa masikio. "Hii ni adhabu, Mama Ngiri?"

"Ni adhabu."

"Mbona nafurahi?"

Bonde zima likacheka. Akaenda akachimba, kwaru-kwaru-kwaru, na pimbi wakanywa kabla jua halijatua.

Mvua zikaja, zikapita. Zikaja, zikapita. Kila wilaya ikawa na baraza lake karibu. Kilimani pakapungua makelele, macho ya Mama Ndovu yakaacha kuwa mekundu. Siku moja akasema, nitatembea nikawaone watu wangu.

Matete wakasikia, ndi! ndi! ndi! Kisha sauti nje ya bonde:

"Hodi!"

"Karibu, Mama! Karibu ndani!"

Lakini hakuingia. Akasimama pale mpakani, mavumbi yamemjaa mgongoni. "Nina kiu. Naomba ruhusa ya Halmashauri ninywe maji."

Mama Ngiri akamkimbilia pale mpakani. "Mama, wewe uombe? Wewe ndiye uliyetupa halmashauri!"

"Niliwapa. Kwa hiyo ni yenu. Niombe tena, au nirudi?"

Madiwani wakasimama pale pale, hawakukaa hata chini. "Ndiyooo!"

Mama Ndovu akaingia, akatia mkonga, akanywa. Alipomaliza, Mama Ngiri akamsogezea ngiri kijana, meno makubwa yameanza kumchomoza. "Mama, huyu ndiye yule aliyenyamaza."

Kijana akapiga magoti ya mbele, kama ngiri wanavyopiga. "Shikamoo, Bibi. Asante."

"Marahaba, mjukuu wangu." Mama Ndovu akampitishia mkonga kichwani. Akauacha pale kwa muda. Na bonde zima, kanga, kuro, nungunungu, Muhanga na makucha yake, wakasema kwa pamoja, wakasema na hawakuchoka kusema:

"Asante, Mama. Asante, Mama. Asante."

Hii ndiyo maana yake, wanangu: uongozi ukikaa mbali na mwenye shida, hata ukiwa mwema humchelewa. Na kiongozi anayegawa madaraka yake kwa watu wake hapungukiwi kitu, anazidi kupendwa. Mkimpata wa namna hiyo, msione haya kumwambia asante.

Ngano yangu naitua hapa. Iliyo njema mwende nayo kwenu, iliyo mbaya niachieni mimi.