Tadicha, Mfuata Umeme

Sogeeni, wana wa Tadicha, na mwenye redio yake aizime, maana utabiri wake wa hali ya hewa tumeshausikia na vumbi bado tunalila. Nawarudisha zama zile ambapo barabara ilikuwa haijapasua uwanda huu wa kaskazini, wala serikali haijachimba kisima hata kimoja, na mababu zetu walikuwa kundi dogo la watu na ngamia wao, wasio na jina, wakihamahama chini ya mlima Koricha. Katika watu hao alizaliwa Tadicha mwana wa Elema, Elema mwana wa Bidu, Bidu aliyevuka nchi ya chumvi akiwa amembeba mama yake mgongoni. Huyo ndiye Bega la Ngamia, ndiye Mfuata Umeme, ndiye aliyetupa jina.

Uwanda huu mnaujua, lakini hamuujui kama walivyoujua wao. Masika yakija huja kwa kishindo, laga, mto wa msimu uliokuwa mchanga mtupu, ikajaa ghafla na kuchukua mbuzi na mchungaji wake, kisha mbingu ikajifunga. Hapo upepo huanza kuvuma, miezi na miezi, ukikausha mate mdomoni, na mawingu hupita juu ya vichwa vyetu kwenda kumwaga maji mlimani, kana kwamba huku chini hakuishi mtu. Vuli nayo ni ya kubahatisha. Hulowesha bonde moja ikaliacha la jirani likitoa vumbi.

Wazee wetu walikuwa na kosa moja, nami silifichi: waliuamini umeme. Ukimulika upande wa Harbore, kaskazini ng'ambo ya uwanda, asubuhi wanabomoa nyumba, wanapakia fito na mikeka juu ya ngamia, wanahama. Lakini umeme wa nchi hii humulika usiku kucha juu ya ardhi isiyopata tone. Mwaka ule tunaouita Mwaka wa Kula Ngozi waliufuata hadi Harbore, wakakuta vumbi, na wengi nguvu za kurudi hawakuwa nazo. Huko Elema aliwazika watoto wake wote isipokuwa Tadicha.

Tadicha akakua akawa mtu wa nguvu za kuogofya, aliyeweza kumvuta peke yake ngamia aliyetumbukia kisimani huku wenzake wamesimama wakitazama kama waalikwa wa harusi. Lakini hatumkumbuki kwa mabega yake. Siku chache baada ya kurithi fimbo ya baba yake, umeme ulimulika Harbore, na wanawake walipoanza kufungua mikeka ya nyumba alisimama katikati ya njia ya ngamia akatamka maneno ambayo kila mtoto wetu huyajua kabla hajajua kukama:

"Kuanzia leo hatuhami kwa macho. Mmoja atatangulia kwa miguu. Akikuta mvua imenyesha atawasha moto mkubwa mchana, na moshi wake tutauona kutoka Koricha. Pasipo moshi, kaeni. Na aliyetangulia asifuatwe, hata akiwa ni mimi."

Walipouliza nani atakwenda, alikuwa ameshachukua kiriba chake cha maji.

Akaenda mwaka ule, na miaka mingi iliyofuata, peke yake, kwa sababu kiriba kimoja hakiwatoshi wawili. Upweke ule ulimla. Aliporudi alikaa pembeni ya boma, amesahau namna ya kuzungumza na watu, na mkewe Darmi alisema kwa utani wenye uchungu kwamba ameolewa na upepo. Namwonea huruma Tadicha hapa kuliko mahali pengine popote, maana watu walipokunywa maziwa ya majani mapya na kucheza ngoma, yeye alikuwa ameshaanza kutazama kaskazini.

Ukaja mwaka ambao masika yalikataa, na vuli ikachelewa hadi nundu za ngamia zikalala upande. Umeme ukamulika Harbore. Tadicha, sasa mwenye mvi, akajaza kiriba, kisha nusu ya maji yake akayamimina katika kibuyu cha Darmi. Darmi akamwambia, "Baba Jarso, maji haya ni ya kwenda tu." Naye akajibu kwamba huenda kule kuna ya kurudia, akaondoka.

Watu wakakaa wakitazama kaskazini. Palikuwa peupe. Jarso, mwanawe mkubwa, akataka kumfuata baba yake, na wengine wakataka kuhama na mifugo iliyobaki, lakini Darmi akalala chini kukata njia ya ngamia, akasema atakayepita ampite yeye juu ya tumbo lililomzaa Jarso. Hakupita mtu. Ngamia wakafa, na watoto wakalamba umande wa mawe, lakini hawakuhama, na hatimaye vuli ikashuka hapo hapo Koricha, juu ya watu waliokaa.

Majani yalipoota wakaenda Harbore, na safari nzima hawakukanyaga tope. Walimkuta Tadicha ameketi juu ya kilima, ameegemea jiwe, uso wake umeelekea kwetu. Kiriba kilikuwa kimekauka kama gamba. Mbele yake palikuwa na lundo la kuni linalofika kifuani mwa mtu, zimepangwa vizuri, na nyasi kavu zimeshindiliwa chini yake.

Wazee wakasema alikuwa anajiandaa mvua ikija. Darmi akaukunjua mkono wa mumewe, akautoa mti wa kupekechea moto, uliokatwa upya, akawaonyesha ncha yake. Ilikuwa nyeusi.

"Alianza kutuita," akasema. "Kisha akaacha."

Tulimzika pale pale. Kuni hatukuziwasha wala hatukuzibeba, mchwa walizila. Tangu hapo tunaitwa wana wa Tadicha, na tangu hapo kila msimu mmoja wetu hutangulia peke yake. Mgeni akitukuta tumekaa tunatazama kaskazini, kweupe, bila moshi, hutuambia kule hakuna kitu. Sisi humjibu kwamba kule kuna mtu, na anatupenda.